Tyubu Mbili

Saa sita kasorobo, maabara ya Makunduchi.
Feni imekufa tangu Ijumaa.
Mize Vuai kakaa kwenye benchi, mkono kaupakata
kama mtoto wa jirani aliyeachiwa kwa muda.

Jana alasiri, anasema, alikuwa maweni akikata kuni.
Kitu cha kijani kikamgusa kidole kutoka tawini.
Mwiba tu, alidhani. Akafunga mzigo,
akarudi, akapika muhogo, akalala.
Asubuhi alipopiga mswaki
maji yakatoka mekundu, na hayakuacha.

Nikachukua tyubu mbili za kioo, kavu, safi.
Moja nikatia damu yake. Ya pili nikatia yangu,
maana kipimo hiki cha kimaskini kinataka shahidi.
Hakuna mashine. Kuna saa ya ukutani, dakika ishirini,
na amri moja: usizitikise.

"Tunangoja nini?"
"Tunangoja damu isokote kamba."

Akacheka, akaziba mdomo kwa kanga.
Kamba anazijua. Miaka thelathini amefukia makumbi pwani,
akayafukua yananuka, akayaponda, akachambua usumba,
akausokota pajani mpaka paja likaota sugu.

Basi nikamwambia: damuni mwako mna makumbi pia.
Protini ndefu, zinaelea, hazijasokotwa.
Vitabu vinaziita faibrinojeni; wewe ziite usumba.
Ukijikata, mwili unapaza sauti: sokoteni!
na hapo hapo wavu mdogo unafumwa juu ya jeraha.

"Na sumu inazikata."

Hapana, Bi Mize. Ingekuwa afadhali.
Sumu ya huyu imejifunza sauti ya mwenye kazi.
Inapita kila mshipa ikiita: sokoteni, sokoteni!
pasipo jeraha, pasipo mteja,
usiku kucha, nawe umelala,
kamba fupifupi zisizofunga kitu,
zinasokotwa, zinafumuka, zinakwenda na maji,
mpaka shimoni likabaki tope.
Sasa ufizi unaomba uzi.
Uzi hakuna.

Akautazama mkono. "Na uvimbe huu?"

Hao majirani. Walisikia kelele wakaja mbio
na ndoo na mashoka. Mishipa midogo ikawafungulia wapite,
maji yakawafuata, na joto, na wekundu.
Moto wenyewe hawajui uko wapi.
Wanavunja mlango wa mwenye nyumba
kwa kumpenda.

Dakika ya kumi na nne.
Shemeji yake alitaka kumchanja chale.
Alikataa, anasema, kwa sababu ya wembe: ulikuwa na kutu.
Sikumwambia jinsi ninavyoishukuru kutu ile.

Ya kumi na saba. Tone la damu kwenye pindo la kanga,
likitanuka bila haraka.

Ishirini.
Nikainua yangu kwanza, kwa woga.
Nikaipindua. Ikashika, nzito, haikudondosha hata chembe,
nami nikaona haya
kama mtu aliyekutwa anakula mbele ya mwenye njaa.

Yake nikaipindua polepole.
Ikashuka yote, kama chai.

Sikusema kitu.
"Makumbi yamekwisha," alisema yeye,
kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu.

Nikapiga simu Mnazi Mmoja: dawa ya nyoka,
kama ipo, na kama ipo ya nyoka huyu;
na damu, na maji ya damu, ya watu wengine,
usumba wa kuazima mpaka wake uote.
Mwanawe Ngwali akapanda gari pamoja naye,
mkono wa shati keshaukunja.

Sasa ni magharibi. Meza nimeiosha.
Tyubu yake nimeitupa kwenye ndoo ya njano.
Yangu niliisahau dirishani.
Simu haijalia.
Naipindua. Inashika.
Naipindua tena.